Mgeni wa Kila Wiki: Ushauri kwa Wanaojitolea Kuwatembelea Wazee wa Ngara na Biharamulo

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 2.5 wa umri huo, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Wengi wao ni wakulima ambao hawakuwahi kuajiriwa kwa mshahara, hivyo hawana pensheni ya kutegemea nguvu zinapopungua. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini Tanzania Bara haina malipo ya aina hiyo kwa wazee wote, na kwa sababu hiyo matunzo ya mzee wa kijijini yamebaki mikononi mwa watoto wake, wajukuu wake na majirani zake. Pale ambapo watoto hawapo na wajukuu ni wadogo, jirani anayejitolea, yaani anayetoa muda na nguvu zake bila malipo, anakuwa nguzo ambayo haina mbadala.

Makala hii inakusudia kuwashauri watu wa namna hiyo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wawe ni vijana wa kwaya, akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, walimu waliostaafu au waumini wa msikiti na kanisa. Hoja yake kuu ni kwamba ahadi ndogo inayotimizwa kila wiki humfaa mzee kuliko zawadi kubwa inayoletwa mara moja kwa mwaka, na kwamba urafiki wa kweli na mzee humwacha akiwa bado mwenye nyumba yake, mwenye kauli yake na mwenye kitu cha kutoa.

Mazingira ya uzee katika wilaya hizi

Nyumba za Wahangaza na Washubi, wenyeji wa Ngara, kwa kawaida hazikusanyiki mahali pamoja, bali zimetawanyika kwenye miteremko ya vilima, kila kaya ikiwa ndani ya shamba lake la migomba na mibuni. Mpangilio huo humpa mtu faragha na chakula karibu na mlango, lakini mzee ambaye magoti yamemshinda kupanda mlima anaweza kupitisha siku kadhaa bila kuonana na mtu wa kuzungumza naye, ingawa moshi wa jiko la jirani anauona. Hapo ndipo inapofaa kutofautisha kuishi peke yako na upweke: la kwanza ni hali ya makazi, na la pili ni uchungu wa kuona kwamba hakuna anayekujali, uchungu ambao unaweza kumpata hata mzee anayelala nyumba moja na wajukuu watano. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa iliyotolewa mwaka 2025, lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na likauhusisha na maradhi ya moyo, kiharusi, sonona na vifo vya mapema.

Historia ya Kagera imeongeza uzito wa jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata mabibi na mababu wengi walizika watoto wao na kuanza upya kazi ya kulea. Vijana wengine wameondoka kutafuta maisha Kahama, Geita na Mwanza, na mpaka wa Rwanda na Burundi umezigawa baadhi ya koo, hasa baada ya wimbi la wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994 na kufikia kambi ya Benaco, na baada ya kufungwa kwa kambi ya wakimbizi ya Lukole mwaka 2008. Anayejitolea hana budi kuifahamu historia hiyo, kwa kuwa swali linaloonekana la kawaida, kama vile watoto wako wangapi na wako wapi, laweza kuwa ndilo swali zito kuliko yote ambayo mzee huyo ameulizwa mwaka mzima.

Mkoa wa Kagera pia una mfano wa kujifunzia. Shirika la Kwa Wazee, lililoanzishwa mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, lilianza kuwapa wazee wanaolea wajukuu fedha kidogo kila mwezi, na tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kuwa fedha hizo zilitumika kwa mambo ya msingi kabisa, kama chumvi, sabuni na mahitaji ya shule ya wajukuu. Shirika hilo halikuishia kwenye fedha, bali liliwaunga mkono wazee wenyewe kuunda vikundi vya kusaidiana. Fundisho lake ni kwamba msaada unaotabirika, hata ukiwa mdogo, humwezesha mzee kupanga maisha yake, na kwamba mzee mwenzake ni miongoni mwa wasaidizi bora anaoweza kuwapata.

Maandalizi kabla ya ziara ya kwanza

Kundi linalotaka kujitolea halihitaji kuunda chombo kipya iwapo vilivyopo vinatosha. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali na kusaidiana, zilipewa kipaumbele na maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976, na Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, alikuwa miongoni mwa waliojulikana sana kwa kuhimiza waumini waishi kwa kushirikiana. Jumuiya hizo, pamoja na vikundi vya akina mama wa Kianglikana na Kilutheri, kamati za misikiti na vyama vya kufa na kuzikana, tayari zinajua ni nyumba ipi ina mzee asiyetoka nje, na kinachohitajika ni kuigeuza taarifa hiyo kuwa ratiba. Jambo la kuzingatia ni kwamba orodha ya wazee isifuate mipaka ya dhehebu, kwa kuwa mara nyingi aliye mpweke zaidi ni yule ambaye hana kundi lolote linalomhesabu kuwa mtu wake.

Hatua inayofuata ni kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na kuzungumza na baraza la wazee la kijiji pale lilipo, kisha kuomba ridhaa ya mzee mwenyewe, siyo ya mwanawe peke yake. Suala hili lina uzito wa pekee katika maeneo ya mpakani. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na baadhi yao walikuwa wameishi humo miaka mingi. Mgeni anayefika na daftari na kuuliza mahali alipozaliwa mzee au lugha ya wazazi wake anaweza kumtia hofu asiyoitarajia, na ni heri ziara ya kwanza ifanyike bila daftari, bila kupiga picha, na kwa kuongozana na mtu ambaye mzee anamfahamu.

Inashauriwa wanaojitolea watembee wawili wawili, mwanamume na mwanamke inapowezekana, ili kuepusha maneno na ili mmoja akiugua mwenzake aendeleze ratiba. Kila jozi ipewe wazee wachache, wawili au watatu tu, na ichague siku ambayo haigongani na gulio, ibada wala msimu wa kupanda maharage. Ahadi ni deni, na kwa mtu ambaye amekwisha kuachwa na wengi, deni hilo lisipolipwa linaumiza kuliko kama lisingewekwa. Hivyo ni afadhali kuahidi ziara moja kwa wiki mbili na kuitimiza, kuliko kuahidi kila siku na kutoweka baada ya mwezi.

Ziara yenyewe

Ziara njema huanza na salamu kamili. Katika vijiji hivi salamu si utangulizi wa mazungumzo, bali ni sehemu yake: mgeni hubisha hodi, husubiri akaribishwe, huamkia shikamoo, kisha huulizia afya, usingizi, mifugo na majirani kabla ya kutaja shughuli yoyote. Wazee wengi wa Ngara, hasa wanawake, husema kwa uhuru zaidi katika Kihangaza au Kishubi, na upande wa Biharamulo katika Kisubi, Kizinza au Kisukuma. Anayejitolea ambaye hazijui lugha hizo ajifunze walau salamu, na panapohitajika mkalimani atafutwe mtu mzima anayeaminiwa na mzee, kwa sababu mjukuu wa miaka kumi hapaswi kuwa mdomo wa bibi yake katika mambo ya ugonjwa, deni au hedhi iliyokoma. Mzee aitwe kwa jina la heshima analolipenda mwenyewe, iwe ni Bibi, Babu, Mzee au Mama wa mwanawe wa kwanza, na asisemwe mbele yake kana kwamba hayupo.

Namna ya kukaa nayo ina maana. Usikivu hupungua kadiri umri unavyosonga, na sauti nyembamba na konsonanti ndizo zinazotangulia kupotea, hivyo mtu anayepiga kelele husikika kwa nguvu lakini haeleweki. Inafaa mgeni aketi mbele ya mzee, kwenye kiti au mkeka ulio sawa na wake, uso wake ukiwa upande wenye mwanga ili midomo ionekane, aseme polepole kwa sauti ya kawaida, na redio izimwe kwa muda. Redio hiyohiyo inaweza kuwa chanzo cha mazungumzo: Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati wa wakimbizi na kuendelea kutangaza kutoka Ngara, humpa mzee habari za kutolea maoni, na swali kuhusu maoni yake lina heshima kuliko swali kuhusu maumivu yake.

Mazungumzo hurahisishwa na kazi inayofanywa pamoja. Kuchambua maharage, kumenya ndizi, kushona mkeka uliotoboka au kupalilia migomba michache iliyo karibu na nyumba humwezesha mzee kuelekeza na kusimulia bila kukodolewa macho. Kazi nzito ambazo hawezi, kama kuteka dumu la maji kutoka bondeni, kupasua kuni au kuziba paa linalovuja, zifanywe kwa kumuuliza zinapaswa kufanywaje, hata kama mwenye kuzifanya anajua njia ya haraka zaidi, na vyombo virudishwe mahali pale pale alipovikuta, kwa kuwa mzee ambaye macho yamefifia hutegemea kumbukumbu ya mkono kukuta kibuyu na kisu chake. Ziara ya saa moja inatosha, na kabla ya kuondoka mgeni ataje siku atakayorudi.

Afya: kuona mapema na kusindikiza

Anayejitolea si tabibu, na haifai atoe dawa, za kienyeji wala za dukani. Wajibu wake ni kuona mapema na kumsindikiza mzee kwenda kwa anayejua, yaani mhudumu wa afya ngazi ya jamii, zahanati, kituo cha afya, au hospitali kama za Murgwanza, Rulenge na Biharamulo. Kuna dalili chache ambazo kila mmoja anaweza kuzitambua: nguo zilizoanza kumpwaya, kidonda cha mguuni kisichopona, kikohozi kilichozidi wiki mbili, kuanguka zaidi ya mara moja, uso ulioinama upande mmoja au mkono uliokufa ganzi ghafla, ambayo ni dalili ya kiharusi na haisubiri kesho. Kwa mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu au kisukari, inatosha kumwomba aonyeshe pakiti zake na kuzihesabu pamoja naye, kwa kuwa vidonge vilivyobaki vingi kuliko siku zilizosalia huonyesha kwamba dozi zinarukwa, na sababu yake huwa ni kushindwa kusoma maelezo, kuogopa kumeza dawa bila kula, au kuzibania ili zisiishe.

Sera za afya nchini zinaelekeza kuwa wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na vituo vingi vina dirisha la wazee chini ya kaulimbiu ya Mpishe Mzee Kwanza. Hata hivyo haki hiyo hupatikana kwa kitambulisho, na kitambulisho hupatikana kwa kufuatilia ofisi ya kijiji na ya ustawi wa jamii, safari ambazo mzee asiyeweza kutembea hazimudu. Kumwandikia barua, kumfuatilia jina lake katika orodha, kuchangia nauli ya bodaboda na kukaa naye kwenye foleni hadi aitwe ni huduma ambayo thamani yake inazidi kilo tano za sukari.

Usahaulifu wa kupindukia unastahili maelezo ya pekee. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikadiria kuwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, uamuzi na wakati mwingine tabia. Mzee mwenye hali hiyo anaweza kutoka usiku, kusema peke yake, kumtuhumu jirani kwa wizi au kumsahau mwanawe. Haifai kubishana naye wala kumpima kwa maswali. Kinachomsaidia ni sauti tulivu, mazoea yasiyobadilika na watu wachache wanaofika kwa saa ileile, na ndugu zake wanahitaji kuambiwa kwamba huo ni ugonjwa, siyo ukaidi wala laana.

Kumlinda dhidi ya tuhuma na ulaghai

Katika Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamekuwa moja ya visingizio vinavyotajwa, ilhali macho hayo mara nyingi huwa ni matokeo ya miaka mingi ya kupikia kuni ndani ya jiko lisilo na tundu la kutolea moshi. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inahesabu kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa la jinai. Mgeni wa kila wiki ana nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa anasikia minong'ono kabla haijawa tishio. Akisikia kwamba ramli chonganishi imepigwa, au kwamba kifo cha mtoto kimehusishwa na bibi fulani, amjulishe mtendaji wa kijiji na polisi siku hiyohiyo, na ziara ziongezwe badala ya kupunguzwa, maana mtu anayetembelewa mchana kweupe na watu wenye heshima zao si rahisi kutengwa. Ni vema pia kuchunguza kama nyuma ya tuhuma kuna mgogoro wa shamba, kwa sababu mara nyingi anayemtaka mzee aondoke ndiye anayeitaka ardhi yake.

Kuhusu fedha, kanuni ziwe wazi tangu mwanzo. Anayejitolea asikope kwa mzee wala asimkopeshe, asipokee zawadi ya shamba au mti, na asiwe shahidi wala mnufaika wa wosia. Mzee anayepokea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, au fedha kutoka kwa mwanawe kwa simu, asaidiwe kuifikia bila namba yake ya siri kujulikana na mtu mwingine, jambo ambalo lahitaji uvumilivu wa kumfundisha kuibonyeza mwenyewe. Alama za vidole zilizosuguliwa na jembe huweza kukataliwa na mashine ya usajili, na hapo mzee huishia kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kurudi naye dukani kujaribu kidole kingine ni kulinda akiba yake. Aelezwe pia kuhusu ujumbe wa matapeli unaosema "ile hela itume kwenye namba hii", na azoee kumpigia mwanawe kabla ya kutuma chochote.

Mzee kama mtoaji

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na msemo huo una ushahidi wa kisasa. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliozidiwa na mawazo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa waliozungumza na wasikilizaji wa namna hiyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi waliodhaniwa kuwa ndio wa kusaidiwa walikuwa ndio tiba.

Kwa Ngara na Biharamulo, maana yake ni kwamba kila kikundi kijiulize kila mzee anaweza kutoa nini. Yupo anayejua mbegu za maharage zinazostahimili ukame, anayekumbuka mipaka ya mashamba kabla ya vijiji vya ujamaa, anayeweza kumfundisha mama kijana kumkanda mtoto, au anayeweza tu kumtembelea mzee mwenzake aliye karibu. Apewe nafasi hiyo, na akitoa ndizi mbivu mbili kwa mgeni wake, zipokewe kwa mikono miwili na kuliwa hapohapo, kwa kuwa kukataa ni kumwambia kwamba yeye ni wa kupokea tu.

Kudumu katika kazi na kuagana vizuri

Wanaojitolea nao huchoka, hasa mzee waliyemzoea anapofariki. Kikundi kikutane mara moja kwa mwezi ili kila jozi ieleze iliyoyaona bila kutaja siri, igawane mzigo, na iamue ni shauri lipi lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii. Anayehama au kuolewa mbali amuage mzee mapema na kumpeleka atakayeshika nafasi yake, wakae watatu angalau ziara mbili. Msiba ukitokea, kikundi kisiishie kaburini, bali kifuatilie wajukuu waliobaki, nani atawalea na shamba lao litasimamiwa na nani, kwa kuwa hofu kubwa ya wazee wengi wanaolea si kifo chao bali hatima ya watoto hao, na mzee aliyeahidiwa hilo mbele ya mashahidi huishi siku zake zilizosalia kwa utulivu.

Siku ya Wazee Duniani, inayoadhimishwa tarehe 1 Oktoba kila mwaka tangu 1991, ni nafasi njema ya kuwakusanya wazee, kuwasikiliza na kuwapa viongozi madai yao. Lakini kipimo cha kijiji kinachowajali wazee wake kinapatikana katika wiki nyingine zote za mwaka, na kila kikundi kinachosoma ushauri huu kinaweza kuanza kwa kuandika majina ya wazee wasiotoka nje katika kitongoji chake, kugawana majina hayo kwa jozi, na kupanga siku ya ziara ya kwanza kabla ya mkutano kufungwa.